Ngazi za Ngamia pale Al-Hada

Baba yake bosi alikataa ndege. Alikuwa na miaka themanini na kitu, na alitaka kutoka Riyadh hadi Jeddah kwa gari, kwa sababu babu yake aliwahi kupita upande ule akiongoza ngamia wa mahujaji. Mimi, dereva wa familia kwa mwaka wa sita, ndiye niliyeambiwa nimpeleke.

Tuliondoka alfajiri. Njiani alinisimulia habari za misafara kwa Kiarabu cha polepole ili nimfuate. Tuliingia katika mji mmoja wa kale wa udongo, kuta zake zimeliwa na mvua. Akashuka, akazipapasa kama mtu anayempima mtoto homa. Tulikaa pale karibu saa nzima. Bosi alipiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi, maana ndugu zake walikuwa wanakuja kumsalimu mzee. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Pale Al-Hada, ukishapita Taif, mlima unakatika ghafla. Barabara ya lami inashuka ikijipinda, na kando yake iko njia ya zamani ya ngamia, ngazi pana za mawe yaliyopangwa kwa mkono. Mzee aliomba nisimame. Alitaka kushuka kwa miguu, hata kidogo tu, nimshike mkono.

"Tutashuka siku ya kurudi, baba," nilimwambia. "Bosi anangoja."

Hakubisha. Alisema, "Haya, wewe ndiye dereva," akageukia dirisha mpaka mawe yakapotea.

Mimi ni Mkristo, kwa hiyo tuliizunguka Makka kwa barabara ya pembeni. Tulifika Al-Baghdadiyah, mtaa wa Jeddah alikotungoja bosi, alasiri. Wale ndugu walikuja baada ya isha.

Siku ya tatu kifua kilimbana mzee, wakamrudisha Riyadh kwa ndege. Mimi nilirudi na gari tupu. Al-Hada nikasimama, nikashuka zile ngazi peke yangu. Katikati mawe yalikuwa yamelainishwa na nyayo za miaka mingi. Haikuwa shida kuyakanyaga. Tungeenda polepole, angeweza.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Siku ya kuhani, bosi alinimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akanishukuru kwamba safari ile nilimfikisha baba yake mapema. Niliinywa yote, nikarudisha kikombe, nikatoka kwenda kupanga magari ya wageni.