Constance na Damu ya Haruni

Jumapili ile Pasta Josias alipomwondoa Ambokile kwenye meza ya Bwana, kiti cha mbele alipewa Constance. Aliambiwa asogee, akae pale karibu na mimbari, maana yeye ni binti wa Israeli. Akasogea. Alikuwa bado hajaelewa. Alipokwisha kuelewa, mkate ulikuwa umeshagawiwa na mikono mingine, na Ambokile alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, ameinamia viatu vyake.

Hilo lilikuwa kanisa la Wakongomani la Glenwood, mjini Durban, Afrika Kusini, lililokodi ukumbi wa shule kila Jumapili. Mwaka ulikuwa 1999. Waumini wengi walikuwa watu wa Kasai waliofukuzwa Katanga, na wachache walikuwa Watanzania kama huyo Ambokile, Mnyakyusa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha rangi kule Mobeni. Ambokile alikuwa shemasi, naye ndiye aliyegawa mkate. Pia alikuwa mchumba wa Marie, mdogo wake Constance, na ndoa ilikuwa imekaribia.

Kisa chote kilianza na gazeti. Pasta alikuwa amesoma kwamba wataalamu wamechukua mate ya wanaume wa Kilemba, kabila moja la kaskazini mwa nchi hii, ambao tangu zamani husema babu zao walikuwa Wayahudi. Wakayapima, na katika baadhi ya wanaume hao wakakuta alama ileile inayopatikana kwa makuhani wa Kiyahudi, wale wa ukoo wa Haruni. Pasta alikikata kile kipande cha gazeti, akapanda nacho mimbarini.

"Watu wangu," alisema, "sisi Wakasai walikuwa wanatuitaka namna gani kule kwetu? Wayahudi wa Kongo! Walikuwa wanacheka. Leo sayansi inasimama na Biblia, bega kwa bega. Farao alitufukuza kwa sababu alijua sisi ni nani!"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Urbain, mume wake Constance, alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kuanzia siku hiyo Pasta akaanza kupanga watu: wa uzao huku, wageni kule. Kisha akamwita Marie na kumwambia kwamba ndoa yake hataibariki. Kuhani Ezra aliwaamuru wana wa Israeli waachane na wake wa kigeni, alisema, na lililokatazwa kwa mwanamume haliwezi kuruhusiwa kwa mwanamke.

Marie alifika analia kwenye saluni alimofanya kazi dada yake. Constance alikuwa anamsuka mteja, mama mmoja Mzulu. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, huku vidole vyake vikivuta nywele kwa nguvu hata yule mama akapiga kelele, "Eish, dada! Kichwa changu!"

"Samahani, mama," Constance alisema. Akamwachia mwenzake kichwa kile, akavua aproni, akatoka.

Ili mtu aielewe hasira ile, lazima ajue Constance alitoka wapi. Alizaliwa Likasi, huko Katanga. Baba yake alikuwa mtu wa reli, mama yake aliuza unga sokoni, na Kasai yenyewe Constance hakuwahi kuiona kwa macho. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1992 wakubwa walisimama mbele ya watu wakasema Wakasai ni bilulu, yaani wadudu, wanaokula jasho la wenye nchi, na damu yao ni nyingine. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi nao wakaja na mapanga na petroli. Constance, Urbain, Marie na mtoto mchanga, Cathy, walikimbilia stesheni ya Likasi pamoja na maelfu ya wengine, wakalala chini wakisubiri treni ambayo haikuja. Surua ikaingia. Mtoto akafa. Josias, siku hizo kijana mhubiri, ndiye aliyechimba kaburi lile dogo nyuma ya reli, akalia kuliko hata baba wa mtoto.

Kwa hiyo alipogonga mlango wa Pasta, Constance hakuwa anagonga kwa mtu baki.

"Karibu, Mama Constance. Kaa."

"Sikai. Ambokile amekosa nini?"

"Hajakosa. Ni mtu mzuri. Lakini uzao ni uzao. Mungu ana mpango."

"Na Ruthu? Ruthu alikuwa Mmoabu. Si ndiye aliyemzaa babu yake Daudi?"

Pasta alitabasamu kama mtu aliyelitarajia swali. "Ruthu aliacha miungu yake."

"Na Ambokile anaabuduka miungu gani? Mapipa ya rangi ya Mobeni?"

"Mama, wewe unataka kubishana na Maandiko."

"Ninabishana na wewe! Ulisema ile alama inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto mwanaume. Sasa mimi mwanamke umeniketisha mbele kwa sababu gani? Iko kitu gani ndani ya mate yangu?"

"Kwa ajili ya baba yako."

"Baba yangu nani alimpima? Nani alifika Kasai na pamba ya kuchukulia mate? Wamepima Walemba, wewe umevaa majibu yao kama koti la kuazima!"

Pasta akasimama. Alisema mambo mengine hayahitaji kupimwa, roho inayashuhudia. Alitaja tohara ya mababu, alitaja nyama zilizokatazwa, alitaja mateso yenyewe: ni taifa gani jingine linaloteswa hivyo? Kwa kila neno alikuwa na aya yake. Constance akaona kwamba kwa aya hatamshinda. Mtu huyu aliweza kugeuza aya yoyote kama chapati.

"Pasta," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "ulimzika mtoto wangu. Unajua nini kilimuua. Si surua tu. Mtu alisimama mbele ya watu akasema damu yetu ni nyingine, watu wakapiga makofi. Leo wewe ndiye umesimama."

Josias akarudi kukaa. Kisha akasema taratibu, "Usinifananishe na wale."

"Umejifananisha mwenyewe."

Jumapili iliyofuata alirudi kanisani, akaketi palepale mbele. Pasta aliposoma habari za Ezra, na wanawake waliofukuzwa pamoja na watoto wao, Constance akasimama.

"Wale watoto walikwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya darasani. "Nauliza, Pasta. Waliofukuzwa na mama zao. Walilala stesheni gani?"

Watu wakageuka. Pasta akampa ishara mpiga kinanda, na kwaya, kwaya ileile aliyoifundisha Constance mwenyewe, ikaanza kuimba juu ya maneno yake. Akapaza sauti, nao wakapaza. Wamama wawili wakamshika mikono. Alimtazama Urbain, akitegemea angalau huyu asimame. Urbain akasema kwa midomo tu, "Kaa chini."

Constance akajinasua, akatoka. Marie akamfuata, kisha Ambokile, kisha familia moja ya Bukavu. Basi. Wengine wote walibaki wakiimba.

Nyumbani ugomvi ulikuwa mkubwa. Urbain alikuwa analinda magari ya watu kwenye maegesho karibu na ufuo, yeye aliyesomea ufundi wa migodi.

"Umeniaibisha!" alifoka. "Maisha yangu yote nimekuwa mdudu. Kule mdudu, hapa kwerekwere, mgeni asiyetakiwa. Mzungu ananitupia sarafu dirishani, hata uso wangu haangalii. Siku moja tu mtu ananiambia mimi ni mtoto wa Ibrahimu, na wewe, mke wangu, unaninyang'anya!"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini hayakumzimisha.

"Papa Cathy, kuwa mtoto wa Ibrahimu ukitaka. Sikukatazi. Lakini kama ili upate kiti chako ni lazima kwanza Ambokile aondoke, basi hicho si kiti, ni wizi. Na mimi nimeshaibiwa. Najua unavyouma."

Urbain akachukua blanketi, akalala sebuleni, na akaendelea kulala huko.

Ndoa ya Marie ilifungwa mtaa wa Lamontville, kwa mchungaji mmoja Mzulu, mzee ambaye mwenye saluni aliwaelekeza kwake. Mzee yule aliwauliza kama wanapendana na kama mmoja wao ana mke au mume kwingine. Zaidi ya hapo hakuuliza. Ambokile alivaa suti ya kijivu iliyombana mabega. "Shemeji," alimnong'oneza Constance, "mimi sijakasirika kama wewe. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa. Nitakasirika mimi kwa niaba yako."

Wakiwa wanajipanga kuingia, Urbain akashuka kwenye taksi, amenyoa, amevaa tai. Hakumsemesha mkewe. Alimpa Marie mkono, kwa kuwa baba yao hakuwepo, akampeleka mpaka mbele, akakaa benchi la upande wa pili. Jioni alirudisha blanketi chumbani. Kuhusu Haruni hawakuzungumza tena, na Jumapili kila mmoja alishika njia yake.

Mwisho wa mwaka Pasta Josias alikuja saluni. Alikuwa amekonda. Kwa hesabu ile ya uzao, kanisa lilikuwa limeanza kujila lenyewe: watu walikuwa wanaulizana nani hasa ni Mkasai kamili na nani bibi yake alitoka kwingine. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mama Constance, yale mambo nimeyaacha. Siyahubiri tena. Kwaya inakuhitaji."

Constance hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka. "Umeyaacha. Umesema hivyo mimbarini?"

Pasta akaigeuza kofia mikononi.

"Umemwita Ambokile mbele ya watu, kama ulivyomtoa mbele ya watu?"

"Mambo mengine yanamalizwa taratibu, mama. Watu watasemaje?"

"Ulipomtoa hukuuliza watu watasemaje." Akachukua kishungi kingine cha nywele, akakigawa mara tatu. "Nenda kaseme pale uliposemea. Ukishasema, mimi nitasikia, Durban si kubwa. Sasa toka mlangoni, unamzibia mteja wangu mwanga."

Pasta akavaa kofia, akaondoka. Jumapili hiyo hakusema, wala iliyofuata. Watu walimwambia Constance asamehe, Krismasi imefika. Aliwajibu kwamba Krismasi anaijua tarehe yake, anayoingoja ni ile ya Pasta kusema, akaendelea kusuka.