Buti za Roselida

Selpha alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, na rafiki huyo aliibwa mchana kweupe na mwanamke wa hoteli.

Hivyo ndivyo alivyoliona yeye. Ukimwuliza mtu mwingine yeyote Busia atakwambia hakuna aliyeibwa, lakini wivu hauulizi mashahidi. Selpha na Edinah walijuana tangu darasa la nne, shuleni Mundika, walipokuwa wakigawana penseli moja iliyokatwa katikati. Waliolewa mwaka mmoja, wakazaa, wakazikiana wazazi. Edinah alipata kazi Malaba, kwenye ofisi inayoshughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Selpha akabaki Busia kuuza viatu vya mitumba, na kila Jumapili mmoja alikuwa nyumbani kwa mwenzake.

Kama unataka kumjua Selpha vizuri, mtembelee siku anapofungua belo, lile robota la mitumba. Wauzaji wenzake husogea wenyewe bila kuitwa. Anainua kiatu, anakikunja, halafu anachomeka ukucha wa kidole gumba katikati ya soli. Ukucha huo haupaki rangi wala haukati mfupi, maana ndio mtambo wake wa kazi. Kuna viatu vilivyolala miaka mingi kwenye maghala ya ng'ambo kabla ya kupakiwa. Juu vinang'aa kama vya harusi, kumbe soli imeoza kwa ndani. Ukiikwaruza inadondosha unga kama mkate mkavu. Ukivivaa vitakuchukua wiki moja au mbili, kisha vitakuachia barabarani. Kiatu cha namna hiyo Selpha hukitupa kwenye gunia la fundi, akatoe kamba na ngozi. Katika miaka kumi na tisa hakuwa amemuuzia mtu hata kimoja, na alipenda watu wajue hivyo.

Sasa, habari ya mlima. Asubuhi za baada ya mvua Elgon huonekana hata kutoka Mundika, na wasichana wawili wa darasa la nne walikuwa wameapa kwamba siku moja wataupanda mpaka juu waone kama Uganda yote inaonekana. Walikuwa na umri wa kuamini kwamba inaonekana yote. Miaka thelathini na miwili ikapita. Ndipo Edinah akapiga simu jioni moja, akasema, "Selpha, tutangoja mpaka magoti yakatae? Desemba twende." Selpha alifurahi siku tatu mfululizo. Siku ya nne Edinah akapiga tena.

"Nimemwambia Roselida pia. Amefurahi huyo, we acha tu!"

Roselida alitoka Osieko, kule kwa samaki, akafungua hoteli yake Malaba miaka miwili nyuma, hatua chache kutoka ofisini kwa Edinah. Alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya pili ya barabara, na madereva wa malori walimwita mama kabla hajawajua majina. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua Roselida. Tangu aje, mdomo wa Edinah ulikuwa umejaa "Roselida anasema." Roselida anasema mchicha usichemshwe sana. Roselida anasema tupunguze chumvi. Jumapili moja Selpha alimtilia Edinah chai, akaweka vijiko vitatu vya sukari kama alivyokuwa akiweka tangu ujana wao, na Edinah akasukuma kikombe pembeni taratibu.

"Siku hizi siweki sukari. Roselida alinieleza."

Selpha aliinywa yeye chai ile. Ilikuwa tamu kupita kiasi, naye akaimaliza yote kwa hasira. Usiache mbachao kwa msala upitao, alitaka kumwambia, lakini mtu atasemaje neno kama hilo bila kuonekana mtoto?

Wiki sita kabla ya safari, Edinah na Roselida walikuja sokoni kutafuta viatu vya mlima. Selpha alikuwa amemwekea Edinah jozi safi kabisa, ile ambayo wauzaji huita kamera kwa sababu ndiyo ya kwanza kuchaguliwa katika belo. Na yake mwenyewe alikuwa nayo. Ya Roselida hakuwa nayo. Roselida alichutama, akapekua, akainuka na buti za kahawia zenye kamba nyekundu, akazikumbatia kifuani.

"Selpha, hizi! Hizi ni zangu, hata usinikatalie!"

Selpha alizichukua. Ukucha ukaingia kwenye soli bila kubisha hodi, na unga ukamwangukia kiganjani. Alifunga ngumi. Mbele yake wale wawili walikuwa wameshikana mikono kama wasichana wa shule, Edinah akicheka kicheko ambacho zamani kilikuwa cha Mundika peke yake.

"Chukua," alisema. "Wala usinilipe, ni zawadi yangu kwako."

Roselida alimkumbatia mpaka kilemba kikamtoka. Edinah akamwangalia rafiki yake kwa shukrani, akasema, "Nilijua mtapendana tu." Maneno hayo yalimchoma Selpha kuliko tusi.

Tusimpakazie mabaya yasiyo yake. Hakuwa na nia ya kumvunja mtu mguu mlimani. Walikuwa wamepanga kufanya mazoezi Jumamosi zote, kutembea mpaka kilima cha Amukura na kurudi, na hesabu yake ilikuwa kwamba buti zitafumuka huko, Roselida atachoka na mambo ya mlima, atarudi kwa sufuria zake. Lakini Jumamosi ya kwanza buti zilihimili. Ya pili pia. Baada ya hapo mvua ikanyesha mfululizo na mazoezi yakafa. Kila siku Selpha alijiambia kesho atampigia simu, halafu akaanza kujiambia kwamba pengine ukucha ulikosea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Desemba walianzia Kapsokwony, wao watatu na kiongozi mmoja wa Kisabaot aliyeitwa Matthew, mtu wa maneno machache mwenye punda wa kubebea mahema na chakula. Siku ya kwanza walipita msitu wa mianzi, ya pili wakatokea juu, Chepkitale, kwenye nyasi na upepo usio na adabu. Mahema ya akina mama yalikuwa mawili, moja la watu wawili na jingine la mtu mmoja. Roselida alisema anaogopa fisi. Basi Edinah akalala naye, na Selpha akalala peke yake, akiwasikia wakinong'ona na kucheka chini chini kwa mambo ambayo hakuyapata. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Selpha aliamka akiwa amekonda kweli.

Siku ya tatu, saa nane mchana, karibu na ziwa dogo lililo chini ya kilele cha Sudek, soli ya mguu wa kulia wa Roselida iliachia. Haikuachia kwa kishindo. Ilibaki tu nyuma kwenye tope, naye akapiga hatua mbili zaidi kabla ya kujua. Hatua chache baadaye ya kushoto ikafuata. Aliketi kwenye jiwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu soksi zilikuwa zimelowa na baridi ilikuwa ya kuuma mifupa.

Matthew alileta kamba ya katani, akafunga miguu ile kama mtu anayefunga mzigo wa kuni.

"Huyu mama atafika hapo kwa ziwa tulale," alisema. "Kesho kutwa tukishuka nitamweka juu ya punda. Lakini huko juu ni mawe tupu. Hawezi."

"Ni bahati mbaya tu," Roselida alimwambia Selpha, akimpapasa mkono. "Mitumba ni mitumba. Usijisikie vibaya, dada."

Edinah aliokota soli kutoka kwenye tope, akaifuta kwa leso yake, akaipindua. Halafu, polepole, akachomeka ukucha wa kidole gumba. Alifundishwa na nani kama si Selpha? Unga ulimwagika. Edinah aliinua macho, na Selpha akageuka kutazama mlima.

Asubuhi Matthew alitoa sharti lake. Alikuwa mmoja, na hakuwa tayari kumwacha mgeni peke yake pale ziwani. Ukungu ungeweza kushuka wakati wowote. Mmoja abaki na Roselida, mmoja apande na Matthew.

Kila mtu aliyewahi kufanya ubaya anaijua nafasi ya namna hiyo, mlango uko wazi na hakuna anayekuzuia kupita. Sema tu, nitabaki mimi. Selpha alifungua mdomo. Akawaza: nikibaki, Edinah atafika juu bila mimi, baada ya miaka yote hii. Akaufunga mdomo. Edinah alikuwa anamtazama, hakumwondolea macho hata kidogo.

"Basi nitabaki mimi," Edinah akasema mwishowe.

"Edinah, tubaki wote," Selpha akadakia.

"Nenda. Si ulitaka kufika?"

Akaenda. Saa tatu za mawe, pumzi fupi na kichwa kinachogonga. Hata huko kwenye shida tupu, moyo wake haukuacha kuhesabu: sasa wanakunywa chai, sasa wamekaa kwenye lile jiwe, sasa Edinah anamwambia. Kileleni Matthew alimwonyesha kwamba mguu mmoja uko Kenya na mwingine Uganda. Selpha alikuwa ameishi mpakani maisha yake yote, halikumshangaza. Uganda yote haikuonekana. Kulikuwa na mawingu. Chini kabisa, kando ya maji, aliona watu wawili wadogo wamekaa pamoja, na akajua kwamba angetoa kilele hiki na kingine kama hicho ili awe mmoja wao.

"Cheka kidogo, mama," Matthew alisema, akiishika simu ya Selpha. Akacheka, picha ikapigwa.

Aliporudi, Edinah alikuwa ameinama kwenye kijito kinachotoka ziwani, vikombe vimerundikwa kando yake. Roselida alikuwa bado hemani akitafuta soksi kavu.

"Nilijua," Selpha alisema. Hakukaa chini. "Zile buti. Nilijua tangu siku ile."

"Najua ulijua."

"Kwa nini hukusema?"

Edinah alijipangusa mikono kwenye sketi. "Nilikuwa nangoja wewe useme. Jana nilingoja. Leo asubuhi nikangoja tena, nikajiambia, sasa atasema, atabaki yeye. Hata ulipoondoka nilikaa pale kwa jiwe nikiangalia njia. Nilidhani utageuka."

Mlangoni mwa hema Roselida alikuwa ametokea, miguu imefungwa katani, mikono juu.

"Bingwa wetu! Kuja, tuone picha!" Alichechemea mpaka kijitoni, akachukua simu, akaangalia picha mara mbili, akapiga kigelegele kidogo. "Mwaka ujao tunarudi sisi watatu, mnasikia? Na Selpha atanichagulia buti zingine. Mimi siendi kwa mtu mwingine."

"Roselida, keti," Selpha alisema.

"Ni nini?"

"Zile buti zilikuwa zimeoza. Nilizipima mbele yako, nikaona, nikakupa."

Roselida aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho. Kisha tabasamu likaondoka, akakaa juu ya jiwe. Aliangalia miguu yake.

"Nilikukosea nini?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

"Hukunikosea." Machozi yalikuwa yanamtoka Selpha na hakuyafuta. "Ni kwa sababu Edinah alikuwa rafiki yangu."

Alilisikia lile neno "alikuwa" likimtoka, akangoja. Edinah alikuwa pale pale, hatua mbili tu, angeweza kulisahihisha kwa neno moja. Selpha alingoja mpaka upepo ukapita na kurudi.

Edinah akakusanya vikombe, akamshika Roselida mkono ili ainuke, wakaanza kurudi hemani polepole kwa ajili ya ile miguu.