Siku Mgeni Alipoachiwa Dungu

Mwezi wa Novemba mwaka 1993, mvua za vuli zikiwa zimekolea na mahindi ya nyanya yangu yakiwa yameanza kutia maziwa, nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye hajawahi kuketi kwenye dawati. Naitaja tarehe waziwazi kwa sababu mtu aliyechelewa kujifunza kusoma kalenda huipenda kuliko waliozaliwa imetundikwa ukutani kwao.

Agosti iliyopita nilirudi Shinyalu, kwenye kipande kile cha ardhi kinachopakana na msitu. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba huko nilikozaliwa tulikuwa tukilala na kima kitanda kimoja, nami nilitaka nikaone kama bado kuna kitanda. Nyumba ya nyanya haipo. Shamba limekuwa la chai, kijani kimoja kilichokatwa sawasawa. Lakini pembeni umesimama mti wa lusiola wenye maua ya manjano, nao niliutambua kabla sijaufikia. Ulikuwa nguzo moja ya dungu letu. Nyanya aliikata mbichi, akaichimbia, nayo ikakataa kufa.

Dungu, rafiki yangu, lilikuwa jukwaa la fito juu ya nguzo nne, lenye paa la nyasi. Hapo ndipo nilipokulia. Nilipanda umande ukiwa bado kwenye majani, nikakaa na debe langu na fimbo, macho kwenye ukuta wa msitu. Kima hawaji kwa fujo. Hutangulia mmoja, akaketi kwenye tawi la mwisho kana kwamba ametoka kuota jua tu, na nyuma yake majani huanza kutikisika. Nilipomwona nilipiga debe, kisha nikapiga ukemi, ule mwito mrefu wa kuonya. Kila boma kando ya msitu lilikuwa na ukemi wake; wa kwetu ulianza chini kama mtu anayenung'unika, kisha ukapanda juu ghafla, na nyanya aliurithi kwa mama mkwe wake. Mlinzi wa shamba la pili aliupokea kwa wa kwao, wa tatu naye akaupokea, hata habari ya kima ikawatangulia kima wenyewe. Ndiyo maana kunyamaza juu ya dungu hakukuhesabiwa uvivu tu. Kulikuwa kumkatia jirani habari. "Dungu bubu ni mlango wazi," nyanya alikuwa akisema.

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka ule, mgeni alipanga nyumba ya kanisa iliyokuwa tupu. Alikuwa mama wa Kiingereza, mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama shuka la hospitali. Alikuwa akiandika kitabu juu ya watu wa kwao waliotangulia kuandika habari za ndege, wadudu na majani. Alipogundua kwamba kutoka kwenye dungu letu mtu huwaona mbayuwayu wakikata hewa juu ya mahindi, aliomba ruhusa ya kupanda. Tangu hapo nilikuwa na mwenzangu, na chupa yake ya chai yenye maziwa mengi.

Alinisimulia watu wake kana kwamba ni majirani. Palikuwa na kasisi aliyeishi katika kijiji kimoja karibu maisha yake yote, akiwaandikia rafiki zake barua juu ya ndege wa bustani yake na kobe wake. Palikuwa na wanawake ambao wasomi hawakuwaruhusu kuketi katika vikao vyao, wakachora nondo na mimea ya pwani kwenye meza za jikoni, vyungu vikichemka kando. "Mwanzoni," aliniambia, "watu wetu waliwajua ndege kwa kuwapiga risasi, binti. Baadaye wakatokea wengine walioweka bunduki chini. Wakasema: keti, nyamaza, usimsumbue, naye atakuonyesha maisha yake." Aliyasema hayo kwa heshima, kama anayesoma Zaburi.

Jioni moja nyanya alituletea mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, bado vikitoa moshi ndani ya jani la mgomba. Mgeni alikuwa akieleza jinsi wasomi wa zamani wa kwao, yule kasisi akiwemo, walivyobishana kuhusu mahali waendako mbayuwayu baridi inapoingia, na jinsi wengine walivyoapa kwamba hujizika kwenye matope chini ya vidimbwi, wakalala humo hadi joto lirudi.

Nyanya aliangua kicheko hadi akashika nguzo. "Kwa matope? Ndege? Wewe mama, hiyo padri yenu hakuwa na mdomo ya kuuliza watu?"

"Angemuuliza nani, mama?"

"Sisi! Si walikuwa hapa?"

Mgeni alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, "Na ninyi, wakiondoka hapa mwezi wa tatu, mlidhani wanakwenda wapi?"

"Uganda," nyanya alijibu bila kusita. "Wanaendanga Uganda. Mtu akipotea hapa, ujue ameenda Uganda."

Wakala mushenye kwenye jani moja, wale wanawake wawili, na juu yao ndege wenyewe wakipita bila kujali.

Nilikuwa nimeanza kutamani shule. Nilitaka kusoma barua za yule kasisi kwa macho yangu mwenyewe. Nyanya hakuwa adui wa shule. Alikuwa na shamba moja, mjukuu mmoja, na msitu mzima wa kima. Mgeni ndiye aliyemshawishi. Shule ilikuwa ikiandikisha watoto tarehe 17 Novemba, siku ya Jumatano, na kila mtoto alitakiwa aletwe na mzazi. "Nendeni wote wawili," mgeni alisema. "Mimi nitakaa kwenye dungu. Sitashuka hata mara moja."

Mwalimu mkuu alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Huyu atakuwa mama wa darasa," alisema, na walimu wakacheka. Kisha akasema kwa uzito, "Nitampokea Januari. Asipokuja Januari, asije tena. Mwaka wa pili atakuwa amezidi." Nilitoka hapo nikitembea kama mtu aliyevaa viatu.

Tulipokaribia nyumbani nyanya alisimama njiani. "Mbona kumenyamaza?"

Mgeni alikuwa kweli hajashuka. Alikuwa amepiga magoti juu ya dungu, darubini machoni, uso wake uking'aa, na alipotuona aliweka kidole mdomoni. "Polepole, tafadhali," alinong'ona. "Yupo mama mwenye mtoto. Amemmenyea hindi kama mtu kabisa."

"Hindi ya nani?" nyanya aliuliza.

Shamba lilikuwa limekaliwa. Kima walikuwa wameketi kwenye mistari yetu kama wageni wa arusi, mashavu yamejaa, maganda yametapakaa kati yao, na mabua yamelala upande mmoja. Nyanya alinyoosha mkono, akalishusha lile debe lililokuwa miguuni mwa mgeni, akalipiga yeye mwenyewe. Kima waliondoka bila haraka.

Nimeliwaza kosa lile miaka mingi, na sijaona mtu mwingine ambaye angelifanya. Mvivu angelala, mwoga angekimbia. Debe na ukemi alikuwa amevizoea kama kazi yangu; yeye alikaa macho siku nzima, akafanya kwa uaminifu lile ambalo watu wake walimfundisha kuwa ndiyo adabu ya juu kabisa: aliketi, akanyamaza, hakumsumbua mnyama. Aliposhuka na kuona mabua, aliokota ganda moja. "Nimefanya nini, mama?"

"Umeangalia chakula yetu ikiliwa," nyanya alisema, bila kupaza sauti.

Jirani wa shamba la pili alifika akihema, maana kima walikuwa wamepitia na kwake bila tangazo. "Leo kwenu amekufa nani, hata sauti hakuna?" Alipoelezwa alipiga makofi. "Ee! Mzungu amewafundisha kima kula kwa adabu!" Lakini hakuwa akicheka. Alipeleka mashtaka kwa mzee wa kijiji, ambaye sisi humwita liguru: boma la nyanya limevunja ukemi.

Usiku ule nyanya aliniketisha karibu na moto, akaniita mwanangu kwa lugha ya kwetu. "Shule ingojee, mwana wanje. Dungu haliachiwi mtu anayependa wezi." Nilijua, naye alijua, kwamba shule haitangoja.

Sasa pale mpakani hapana dungu hata moja. Chai hailiwi na kima, kwa hiyo hakuna wa kumfukuza, na niliposimama chini ya lusiola Agosti iliyopita nilisikia pikipiki tu. Watoto wa pale niliwauliza ukemi wa kwao ukoje, wakanitazama kama niliyeuliza bei ya mvua. Nyanya alizikwa mwaka 2003, baada ya kuniona nikifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2001, nikiwa mwanamwali wa miaka kumi na tisa aliyewazidi wenzake wote kimo. Mgeni alirudi kwao. Kitabu chake kama kilichapwa, sijui, ila sura zake za mwisho aliziandika akiwa ameketi juu ya zile fito za dungu. Mume wangu alipoanza kuninunulia vitabu vya ndege, nilikuwa nikivisoma kwa sauti, na mbayuwayu wakitokea Oktoba yeye ndiye aliyekuwa akiniita nje. Sasa hutoka peke yangu.

Lakini nataka nikuache uani kwa liguru, Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1993, siku shauri lilipokatwa.

Wanaume walikaa vitini, wanawake mikekani. Mgeni alisimama, akaomba radhi, akasema ataleta unga wa dukani wa kutosha nyumba zote mbili. Nyanya alikataa. "Mimi sikulima duka."

Mgeni alimtazama. "Basi nipe dungu tena, mama. Nitalinda kuanzia mnapopanda mbegu hadi mavuno ya Agosti. Mtoto aende shule."

Jirani alicheka kwa pua. "Alinde kwa nini? Kwa darubini?"

Liguru alimgeukia mgeni kwa upole. "Mama, ulituambia ndege wako wanaondoka mwezi wa tatu, na wewe utawafuata nyumbani. Wakienda, wewe utabaki?"

"Wanaijua njia," mgeni alisema.

"Na kupiga ukemi?"

Maisha yake yote mgeni hakuwahi kupaza sauti mbele ya watu. Alijaribu, ikatoka sauti ya mtu anayeita paka, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Nyanya aliinuka kwenye mkeka, akaenda akasimama kando yake. "Si hivyo. Anzia chini, huku tumboni. Kama mtoto wako ameteleza mtoni."

Mgeni alifumba macho, akaanzia chini, akapanda. Ulikuwa ukemi wetu, umepinda kidogo, lakini wetu. Hakuna aliyecheka. Ndipo kutoka shamba la mbali, kwa mtu asiyejua kwamba kuna kikao, ukasikika ukemi mwingine ukiupokea. Na mwingine mbele yake. Na mwingine, mwembamba, kule msitu unapokunja kona.

Liguru alisubiri hadi wa mwisho ukazima.

"Wamemsikia," alisema. "Mtoto aende shule."