Ndago za Uwanja wa Nachingwea

Iko siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyokabidhiwa stashahada yangu ya upimaji ardhi. Na stashahada ile si jambo dogo. Kijijini kwetu Nandagala nilikuwa wa kwanza kuipata, na mpaka leo imo kwenye fremu sebuleni, katika nyumba ya vyumba saba niliyoijenga hapa Ruangwa kwa jasho langu. Ukija nitakuonyesha.

Juzi niliwaona mmeizunguka simu mkitazama tenisi ya Ulaya, ile inayochezwa kwenye majani. Bingwa katolewa mzunguko wa kwanza na mtu asiyejulikana, mkashika vichwa. Mimi sikushangaa. Nilishawahi kuwa huyo bingwa.

Enzi zetu Nachingwea kulikuwa na uwanja wa tenisi wa majani, ulioachwa na Wazungu waliokuja kulima karanga. Kila mwaka, mikorosho ikitoa maua, yalifanyika mashindano, na wachezaji walitoka mpaka Lindi. Palikuwa na desturi: wiki ile kila mchezaji, awe daktari au dereva, anafika asubuhi, anavua viatu, anapiga magoti kung'oa ndago, magugu yale yanayotoboa majani mazuri. Ndipo mnachora mistari kwa chokaa.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikojifunza tenisi kwenye uwanja wa saruji na kuwatoa jasho wengi waliojiita mabingwa. Nilipoitwa kwenye ndago nilijibu mbele ya watu, "Sikwenda chuo kusomea kupalilia." Wakacheka. Nikadhani wamenisifu.

Mpinzani wangu wa kwanza alikuwa Mzee Nakalonji wa Chinongwe, mfuaji wa nguo za hospitali. Alikuwa rika la baba, raketi yake ya mbao imefungwa waya shingoni, na anacheza pekupeku. Nikampelekea baba salamu aje anione nikishinda. Baba hakuwahi kuona tenisi. Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akapanda lori la ufuta, baada ya kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda kuchukua kikombe.

Kwenye saruji, mwanangu, mpira huruka hadi kifuani. Kwenye majani huteleza chini chini kama nyoka. Na Mzee Nakalonji alikijua kila kishimo kilichoachwa na ndago alizong'oa kwa mkono wake. Alikuwa akiupeleka mpira pale pale, unafia hapo, nami napiga upepo.

"Mpima!" mtu akaita kutoka pembeni. "Futikamba umeiacha wapi?"

"Mwacheni," akajibu Mzee Nakalonji, akijiandaa kuanzisha mpira. "Bado anatafuta mpaka wa shamba."

Seti ya kwanza alinifunga sita kwa moja. Katikati ya ya pili nikatupa jicho kwa baba. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilipomaliza kufungwa nilimkuta kando ya barabara, anasubiri gari. Nikaanza kumweleza habari za saruji na majani. Akaniacha nimalize, maana baba alikuwa mtu wa kumwacha mwenzake amalize.

"Sikuondoka kwa kuwa unashindwa," akasema. "Nimeondoka kwa kuwa pale ukingoni nimesikia watu wakisimulia ulivyowajibu wenzako juu ya ndago. Mimi maisha yangu yote ni mpaliliaji. Hicho chuo ulikwenda kwa jembe hilo."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nimewahi kuugua malaria, nimewahi kupotea porini na vyombo vya upimaji siku mbili, lakini sijapata kuumia kama siku ile.

Mwaka uliofuata nilifika Nachingwea kabla ya wote. Wiki nzima niling'oa ndago bega kwa bega na Mzee Nakalonji, naye hakunificha kishimo hata kimoja. "Hiki ndicho kilichokuua mwaka jana," ananionyesha kwa kidole, anacheka. Asubuhi ya mchezo baba akashuka kwenye lori, akakunja kanzu yake, akapiga magoti katikati yetu. Aling'oa safu yake mpaka mwisho.

Bahati ikatupanga tena mimi na Mzee mzunguko wa kwanza. Tulicheza seti tatu hadi mistari ikafutika, watu wakaacha kutazama michezo mingine. Ya tatu alinishinda tisa kwa saba. Nimeshinda mengi maishani, na huwa siyafichi, lakini mchezo wangu bora kuliko yote ni huo nilioshindwa.

"Mwakani sikuonyeshi vishimo," Mzee akaniambia wavuni.

Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa bado amekaa, magoti ya kanzu yake mekundu kwa udongo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza apainamie hapo kwao. Soma, pata vyeti kunizidi mimi, uvitundike ukutani, nami nitakuja kuvisoma kwa sauti. Ila usiidharau kazi iliyokusomesha, wala usiingie mahali pa watu na viatu vyako kabla mikono yako haijagusa udongo wake. Mungu akupe kimo cha kuonekana mbali na magoti mepesi ya kuinama, na siku ya mchezo wako mgumu, ukigeuka, wa kwenu wawe bado wamekaa.