Kikatio Kilichofungwa kwa Gazeti la Kinshasa

Niseme mapema, ili msomaji asije akanihurumia bure: nilimwonea dada yangu wivu tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Yeye ndiye mkubwa, akapewa jina la mama yake papa, yaani baba yetu, na kwa sababu hiyo papa hakumwita mtoto. Alimwita "mama". Dada akiingia sebuleni, papa anasimama. Mimi nilikuja nyuma, nikapewa jina la mtakatifu wa siku ile kwenye kalenda ya parokia, na hakuna mtu anayesimama kwa ajili ya mtakatifu wa kalenda.

Vita vya pili vya nchi yetu vilipoanza, dada alikuwa Kinshasa, ni daktari, ameolewa huko. Nchi ikakatwa vipande: wao upande wa serikali, sisi Bukavu upande wa waasi. Ndege hakuna, barua hakuna. Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulibaki wawili tu, mimi na papa, katika nyumba yetu mtaani Nguba, nami nikifanya kazi ya ukatibu katika ofisi moja ya Kanisa. Mimi ndiye niliyempikia. Mimi ndiye niliyempeleka kupimwa presha na kumpigia pasi mashati. Na bado mazungumzo ya mezani yalikuwa ya dada: mama atakuwa amekula nini leo, mama huko ana mvua au jua. Kadiri alivyokaa mbali ndivyo sifa zake zilivyonenepa. Aliye mbali haunguzi maharage. Mimi niliyaunguza mara mbili mwezi ule, na nikaambiwa.

Anasa ya papa ilikuwa moja tu, sigari baada ya chakula cha Jumapili. Si sigareti za paketi. Zilikuwa sigari nene za majani matupu, zilizoviringwa kwa mkono na mama mmoja wa Luvungi, kule chini kwenye bonde la Ruzizi. Barabara ya kushukia huko ilifungwa kila risasi ziliposikika, basi zilitufikia chache sana. Kikatio chake, coupe-cigare kama alivyozoea kukiita, kilikuwa cha wembe mmoja ulionyooka, butu kabisa. Kilibana kichwa cha sigari mpaka jani la juu likaachia, naye akavuta huku akitema vipande vya tumbaku kwenye sahani.

Jumapili moja sigari ikafumuka yote mkononi mwake. Akaiweka chini polepole.

"Mama angekuwa hapa," akasema, "angenitafutia coupe-cigare ingine."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, kijiko mkononi.

Ningependa kusema niliamua kwa upendo, lakini ilikuwa hasira. Nilitaka kupata kikatio ambacho hakitakufa, ili kila Jumapili akishike, akumbuke ni nani aliyemtafutia. Jumatatu nikatoka kazini mapema, nikaenda kwa fundi wa saa aliyekuwa na kibanda chake kwenye mteremko wa Ibanda. Alikuwa mzee wa miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na pamoja na saa aliuza viberiti vya gesi, viko na vitu vingine vilivyoachwa na wazungu.

"Papa, natafuta coupe-cigare," nikamwambia yule mzee. "Lakini ya kudumu."

"Sigari yenyewe iko nene namna gani?"

Nikafungua kitambaa nikamwonyesha sigari moja niliyokuja nayo. Akaigeuzageuza, akainusa, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hii ya kuviringa na mukono, usiikate na wembe ya kunyoka. Inaondoa kichwa yote, jani inaachia. Inafaa mukato ya V. Inachimba mufereji mudogo pa katikati, basi. Jani inabakia."

Akatoa vitatu vya V, akavipanga juu ya kitambaa cheusi. Cha kwanza kiling'aa kama dhahabu. Nilikipenda papo hapo, nikakitikisa, kikalia ndani kama njuga. Cha pili kilikuwa cha plastiki, chepesi mno. Cha tatu kilikuwa cha chuma cha pua, kizito, hakina uzuri wowote, kimefungwa kwa skrubu nne.

"Unaona hizi vis?" fundi akasema, akigusa skrubu kwa ukucha. "Wembe ikichoka, unafungua, unanoa, unarudisha. Ile ya dhahabu imegongewa, haifunguki. Ikichoka, unatupa."

Sikumwamini kwa maneno. Mtu mwenye wivu hataki kuaibishwa na kitu alichokinunua mwenyewe. Nikamwomba kitu cha kujaribia, naye akachukua jani kavu la mgomba, akaliviringa likawa nene kama sigari ya papa. Kile cha dhahabu kililitafuna kama mbuzi. Cha plastiki kilikata mara tatu vizuri, mara ya nne wembe ukaenda pembeni. Cha chuma nilikibonyeza mara kumi na mbili, fundi akiniviringia majani mapya bila kulalamika, na mkato wa mwisho ulikuwa safi kama wa kwanza. Nikakichukua. Viatu nilivyokuwa nimejiwekea akiba vikasubiri.

Fundi akararua ukurasa kwenye rundo la magazeti ya zamani chini ya meza yake, akanifungia. Sikuutazama. Laiti ningeutazama.

Jumapili nilikiweka kando ya sahani ya papa. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi jikoni: atafungua, atainua macho, atauliza ni nani, nami nitainamisha kichwa kidogo na kusema, "Ni mimi, papa." Hata kule kuinamisha kichwa nilikufanyia mazoezi.

Papa akafungua. Lakini hakukitazama kikatio, aliitazama karatasi. Akainyoosha kwa viganja, akasoma jina lililokuwa juu. Lilikuwa gazeti la Kinshasa, la kabla ya vita, ila yeye hakufika kwenye tarehe. Siku zile gazeti la Kinshasa mjini kwetu halikuonekana, na aliyekuwa nalo hakusema.

"Imetoka Kinshasa," akasema. "Mama ametuma. Wamepitisha wapi? Kwa mapadri? Nyamaza, usiniambie, ni hatari."

Akalia. Nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, siku tuliyomzika mama.

Sentensi yangu ilikuwa fupi, maneno matatu tu, nami nikakusanya sahani badala ya kuisema. Sikumhurumia, la hasha. Kilichoniuma ni kwamba hakunifikiria hata kwa sekunde moja. Nikajiambia, sawa, Jumamosi si tunaenda kwenye phonie?

Phonie ilikuwa redio ya misheni, njia pekee ya kuongea na watu wa upande wa pili. Mnapanga foleni, kila familia dakika tano. Ukiongea unabonyeza kitufe, ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yako, unaachia ili umsikie mwenzako, na chumba kizima kinasikia. Hicho ndicho nilichokitaka. Dada atasema hajatuma kitu, watu wote watasikia, na papa atageuka anitazame mimi. Wiki nzima nilifanya kazi nikiimba. Nilimpigia pasi shati lake zuri kuliko yote.

Jumamosi ikafika, papa akakaa kwenye kiti, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama, ile kitu imefika. Iko muzuri, iko nguvu. Asante, mama. À vous."

Redio ikakoroma. Ilikoroma muda mrefu, nami nikaanza kutabasamu. Kisha sauti ya dada ikaja, nyembamba.

"Papa... imefika? Namushukuru Mungu. À vous."

Damu ilinipanda kichwani. Mwizi! Mbele ya watu, mbele yangu, anachukua kitu ambacho hakijui hata rangi. Papa akacheka, akashindwa kuendelea, akaniachia kiti na kutoka nje kupenga kamasi. Nikakamata kile kipaza sauti kama mtu anayekamata kuku.

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ulituma nini? À vous."

"Sikutuma kitu. Ni wewe? À vous."

"Ni mimi. À vous."

Redio ikakoroma tena.

"Mudogo, usimwambie. Wewe unakulaka naye kila siku. Unamusikia akikohoa. Mimi niko na dakika tano, na watu wanasikiliza. Nakuoneaka wivu mpaka usingizi inapotea. Uniachie hii moja. À vous."

Niliona kwamba ni zamu yangu, kidole kikiwa juu ya kitufe, na sikubonyeza. Kunionea wivu mimi? Kwa kipi? Kwa mashati na maharage? Ningependa kuandika kwamba moyo wangu uliyeyuka, lakini kwanza nilifurahi, furaha mbaya kabisa: kumbe na yeye inamuuma. Aibu ilikuja baadaye. Nyuma yangu foleni yote ilikuwa ikisubiri nitasema nini.

"Maman, dakika inaisha," fundi mitambo wa phonie akaninong'oneza.

Nikabonyeza.

"Papa ameipenda sana, yaya. À vous."

Njiani papa akaniuliza dada alikuwa amesema nini tena. Nikamwambia, "Amesema anakusalimu, na umeze dawa zako." Akanishika mkono mpaka nyumbani, akisimulia wapita njia tuliowafahamu kwamba mama yuko salama.

Kesho yake, baada ya chakula, akatoa sigari. Alijaribu mara mbili, sijui ni uzee au furaha, akashindwa kuingiza kichwa cha sigari kwenye tundu. Akanisogezea vyote viwili kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Unikatie wewe."

Nikaingiza sigari, nikaweka kidole gumba juu ya chuma. Papa akanishika kifundo cha mkono.

"Polepole," akasema. "Usiiharibu. Ni ya yaya yako."

Nikakata polepole, nikampa.