Mteja Aliyekataa Kuondoka

Juzi, dukani kwa fundi mmoja pale Manundu, aliingia binti wa chuo anayewauzia wenzake mashati ya kitenge ya mahafali. Fundi alitaka elfu kumi na mbili kwa kila shati.

"Kwa bei hiyo hawanunui, baba. Biashara yangu itakufa leo leo."

"Basi zunguka mjini, mwanangu."

Sote tunaujua mchezo huu: unaondoka polepole, ukisubiri kuitwa. Binti akavuta kigoda, akaketi.

"Huondoki?"

"Nikiondoka utaniita tu, baba. Ya nini tuchoke wote?"

Fundi alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Haya, elfu tisa. Ila uwaambie nani kashona."

"Nitawaambia. Bei ndiyo sitawaambia."

Mimi nilikuwa nimepeleka kitambaa cha sare ya mwanangu mkubwa, mdogo wake nimembeba mgongoni. Siku zote hulipa bei ya kwanza, maana naona haya kuondoka halafu niitwe mbele za watu. Kumbe hata kuketi ni kupatana bei! Fundi aliponitajia bei ya sare, nilimshusha mtoto mgongoni, nikavuta kigoda.

"Na wewe, mama?"

"Na mimi, baba."