Nyati kapinduka kwenye mia tano yangu, mtaa ukasema natengeneza pesa bandia

Wakuu,

Mlio wadogo kwangu marahaba, nshaitikia kabla hamjasema. Wenzangu wa umri, magoti hayajambo?

Nnayokuja nayo ni kweli tupu. Nikizidisha hata neno moja, sindano inidunge, na mie sindano ndiyo kazi yangu.

Nashona kofia hapa Jang'ombe. Za mkono, viua na vitobo, si hizo za mashine zinazofumuka ukipiga chafya. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini mjukuu wangu Zuhura yuko chuo kikuu, ndiye aliyenitilia jukwaa hili kwenye simu. Msomi yule, na uzuri anao. Haya, turudi.

Siku hiyo nimekwenda dukani kwa Makame kununua uzi. Nkampa sarafu ya mia tano.

Makame ana tabia ya kuigeuza kila sarafu juu ya meza, kama mtu anageuza chapati. Akaigeuza yangu, akakunja uso.

"Bi Pili, hii sichukui. Nyati kasimama kichwa chini."

"Kwani wewe unanunua nyati?"

"Hii bandia, Bi Pili. Umeipata wapi?"

Na nyuma yangu kasimama nani? Bi Mwanajuma. Mwanawe anaoa, na kofia ya harusi ya huyo mwanawe niko nayo mie nyumbani, nusu nshaimaliza.

"Ehee, Bi Pili! Kumbe siku hizi hushoni kofia tu, unashona na pesa!"

Duka zima likacheka. Na mie nikacheka, kwa meno.

Haijafika alasiri, kanitumia salamu: kofia niiache hapo hapo, atatafuta mshonaji mwenye kuaminika.

Mwenye kuaminika! Wakuu, nusu ya wanaume wa mtaa huu wameoa na kofia zangu kichwani. Wengine ndoa zishavunjika, kofia bado nzima.

Sikulia. Nilikasirika, na nikikasirika mie hukaa nikashika kazi.

Nikaichukua ile sarafu nikaikagua kama ninavyokagua kofia. Sisi washonaji hatutazami nje tu. Unageuza ndani, maana ndani ndiko sindano inakosema ukweli.

Nikakiweka wima kile kichwa cha mzee cha upande wa pili, nikaigeuza kama ukurasa wa kitabu. Nyati miguu juu!

Nikavunja kibubu, nikatoa nyengine saba, nikageuza vile vile. Nyati wote wamesimama kwa miguu yao. Wangu tu ndiye kapinduka.

Lakini pembe zake kali. Maandishi safi. Ukingo nikaupitishia dole gumba, sawasawa na wenzake. Zuhura akaleta sumaku ya spika mbovu, ikaidaka kama ilivyozidaka zile saba.

Nikasema, huyu hakughushiwa. Huyu kazaliwa hivi.

"Bibi, ipeleke kwa sonara akaipime," Zuhura akanambia.

Hapa sasa ndipo nilipofanya ujinga, na nausema mwenyewe kabla hamjanicheka.

Kwetu kitu hakiendi kwa watu kichafu. Hata sinia la kuazimwa linarudi linang'ara. Basi nikaichukua sarafu, ndimu, majivu, na kumbi la nazi. Nikaisugua mpaka ikametameta kama jino la dhahabu.

Nikenda Mkunazini kwa sonara. Mzee wa watu akaiweka kwenye mizani yake ndogo, akapima na nyengine ya mia tano. Uzito mmoja. Akajitia lenzi jichoni, akaigeuza huku na huku.

"Hii halali, bibi. Kiwandani sarafu inagongwa na mihuri miwili, mmoja juu mmoja chini. Mmoja ulilegea ukazunguka, ndiyo nyati akaanguka. Kuna watu wanazitafuta hizi." Kisha akaisogeza kwenye taa. "Lakini nani kaisugua?"

"Mie," nikasema, kwa maringo kabisa.

Akashika kichwa. "Bibi, umeitia mikwaruzo tele! Mkusanyaji anaitaka na uchafu wake!"

"Mkusanyaji huyo hana mama?"

Akacheka mpaka lenzi ikamtoka. Ila akanambia neno moja nikaondoka nalo: muhuri uliozunguka hauharibu sarafu moja. Wenzake wapo.

Njiani nikawaza. Mie chenji zangu zote zinatoka wapi? Kwa Makame!

Asubuhi nikenda dukani, nikangoja mpaka Bi Mwanajuma kaja kununua mkate.

"Makame, mwaga kopo lako la chenji hapa."

"La nini, Bi Pili?"

"Mwaga!"

Akamwaga. Nikageuza za mia tano moja moja, watu wamejaa mlangoni. Nyati kasimama, kasimama, kasimama... kapinduka!

"Makame baba, na hii bandia? Mashine yako umeificha wapi, chini ya gunia la mchele?"

Makame akatazama nyati, akatazama dari. "Basi Bi Pili, basi. Nisamehe."

Nikawaeleza aliyosema sonara. Nikawaambia asiyeamini, duka la sonara liko Mkunazini, aende akaulize.

Bi Mwanajuma akakohoa. "Bi Pili, dada yangu, ile kofia itakuwa tayari Ijumaa?"

"Kamuulize huyo mshonaji wako mwenye kuaminika."

Duka likacheka tena, na safari hii nilicheka kweli.

Basi wakuu, geuzeni sarafu zenu mnambie nyati wenu wamesimamaje. Lakini msije na zilizopigwa nyundo au zilizoungua. Kosa la kiwanda halina jeraha, mengine yote ni ajali. Na msisugue! Anayetaka kunicheka aanze na shikamoo.

Jengine hili sijamwambia mtu hapa mtaani. Ile kofia niliimalizia na hasira zangu. Juzi naletewa picha za harusi, naikuza kofia nijisifu. Kumbe ua moja, hapa juu ya sikio la kushoto, nimelishona juu chini.

Bwana harusi kapendeza. Na nyinyi nyamazeni.